Mjadala: Je, dawa ya kutuliza kinga ya mwili itolewe kwa wagonjwa wa kiharusi kabla ya jaribio kubwa?

Swali ninalolileta mbele yenu ni hili: ikiwa dawa imekwisha kuruhusiwa kwa ugonjwa mwingine, na majaribio madogo yameonyesha kwamba huenda ikamsaidia aliyepatwa na kiharusi, je, daktari aruhusiwe kuitoa kwa ridhaa ya familia, au asubiri jaribio kubwa? Msimamo wangu ni kwamba asubiri, ila wanaotutaka tusubiri nao wana deni la kulipa, na sioni kama wanalilipa.

Dawa yenyewe ni fingolimodi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa jina la Gilenya kwa ajili ya multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Huzifungia limfosaiti, ambazo ni aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, ndani ya tezi za limfu ili zisisambae mwilini. Mshipa wa ubongo unapoziba, sehemu ya ubongo hufa kwa kukosa oksijeni, kisha katika saa na siku zinazofuata seli za kinga hukusanyika pale palipoumia na kuzidisha uvimbe na uharibifu. Ndiyo maana watafiti wakajiuliza kama kuzizuia kungeokoa sehemu ya ubongo ambayo bado haijafa.

Madaktari wa Tianjin, nchini China, walilijaribu wazo hilo. Mwaka 2014 walitangaza matokeo ya wagonjwa 22 ambao walikuwa wamekwisha kupitwa na saa nne na nusu tangu kiharusi kuanza, muda unaokubalika kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. 11 kati yao walimeza miligramu 0.5 kila siku kwa siku 3, wakianza kabla ya saa 72 kutimia, nao walipata nafuu kuliko wenzao. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya wagonjwa 47 waliopewa dawa ya kuyeyusha damu, na wale walioongezewa fingolimodi walionekana kuwa na majeraha madogo zaidi ya ubongo.

Habari hizi zinavutia, na hasa kwetu Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali muda wa kuyeyusha damu ukiwa umekwisha pita, na picha ya CT haipatikani katika kila wilaya. Kidonge kinachoweza kuanzwa siku ya pili si jambo la kubeza, na anayesema kwamba familia ya mtu aliyepooza ina haki ya kujaribu kila kilichopo nampa uzito wake. Hata hivyo hoja yake inachukulia kwamba kujaribu hakuwezi kumdhuru mgonjwa, na historia ya dawa za aina hii inasema vinginevyo.

Enlimomabu, kingamwili iliyotengenezwa ili kuzizuia seli nyeupe zisijishike kwenye kuta za mishipa, ilifanya vizuri kwa wanyama, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa 625, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walioipata walikuwa na hali mbaya zaidi na walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasioipata. Natalizumabu, nayo dawa ya multipo sklerosisi, ilitoa dalili fulani za matumaini katika jaribio la wagonjwa 161 lililotangazwa mwaka 2017, ingawa haikupunguza ukubwa wa jeraha la ubongo. Jaribio la pili la wagonjwa 277 lilipofanywa ili kuzithibitisha, dalili hizo hazikuonekana tena. Nani atatuhakikishia kwamba wagonjwa 22 wa Tianjin, ambao walijua nani anapewa dawa na nani hapewi, hawangetufikisha huko huko?

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa dawa hii hulipita haraka mno. Maelezo rasmi ya Gilenya yanakataza kuitoa kwa mtu aliyepata kiharusi ndani ya miezi 6 iliyopita, na kipimo chake cha kwanza huweza kupunguza mapigo ya moyo, kiasi kwamba mgonjwa huangaliwa kwa saa 6. Isitoshe, kiharusi chenyewe huidhoofisha kinga ya mwili baada ya muda mfupi, na nimonia ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa hawa. Ukiituliza kinga iliyokwisha kulegea, hujui kama unauokoa ubongo au unayafungulia maradhi mapafu.

Sasa nirudi kwenye lile deni: wanaotutaka tusubiri jaribio wanapaswa kuhakikisha kwamba jaribio hilo linafanyika. Kampuni haina sababu kubwa ya kugharimia jaribio la dawa ambayo wengine wameanza kuitengeneza kwa bei nafuu. Kwa hiyo isipotoa fedha serikali au taasisi ya umma, neno "subiri" litamaanisha "sahau". Na jaribio kama hilo linawezekana. Mwaka 2020 Uingereza iliijaribu deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi, kwa wagonjwa wa UVIKO-19, na katika miezi michache ikabainika kwamba ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, huku wasiohitaji oksijeni wakiwa hawakupata faida yoyote. Bila kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, tofauti hiyo isingejulikana. China nayo iliwapata wagonjwa 8,343 wa kiharusi ili kuijaribu kolchisini, dawa ya jongo. Jibu lililotangazwa mwaka 2024 lilikuwa kwamba haizuii kiharusi kurudi, na hilo nalo ni jibu lenye thamani.

Naomba kwanza tuwasikie wenye kuuguza: mngekubali mgonjwa wenu aingie katika jaribio ambalo nusu ya washiriki hupewa kidonge kisicho na dawa? Na ninyi madaktari na wafamasia, je, hospitali zetu za rufaa zinaweza kumwangalia mgonjwa wa kiharusi kwa saa 6 mfululizo baada ya kipimo cha kwanza, ili nasi tushiriki katika jaribio kama hilo badala ya kungoja matokeo ya wengine?