Nampa kaka figo, nani atalipa kodi yangu ya nyumba?

Hamjambo wenzangu. Kaka yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na vipimo vimeonyesha figo yangu itamfaa. Kumpa nimeshakubali, hilo halina mjadala. Shida ni kazi. Napakia magunia kiwandani Industrial Area, Nairobi, kibarua, mwaka wa pili sasa, nalipwa kila Jumamosi. Daktari ameniambia nisiinue kitu kizito wiki sita. Kamati ya harambee imehesabu hospitali, dawa, hata tenti na viti. Mimi simo. Nikitaja kodi ya nyumba yangu huku Kayole wataona nauza figo. Nifanyeje?

Mama Waridi: Pole mdogo wangu. Mimi nilimpa dadangu. Kibanda nilifunga wiki saba, na mwenye kibanda hakunisamehe kodi ya hata wiki moja. Mtungi wa lita 20 nilikuwa nautazama tu. Sema mapema.

Karani Mstaafu: Acha kujiita kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, ajira hugeuka kutoka kibarua kuwa ya mkataba, hata kama unalipwa kwa wiki. Ukipita miezi miwili una likizo ya ugonjwa, siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, ukileta cheti cha daktari. Ongeza likizo ya mwaka, siku 21 za kazi. Mtoaji wa kiungo hatajwi humo, kwa hivyo cheti ndicho kinga yako. Omba kwa barua kabla ya upasuaji, ubaki na nakala.

Jogoo la Shamba: Ndugu kwa ndugu mnadaiana?

Mama Waridi: Jogoo, basi wewe mlipie mwenye nyumba.

Nesi Mstahimilivu: Kuuza kiungo ni kosa hapa Kenya. Kurudishiwa kipato ulichokosa si kuuza. Azimio la Istanbul la 2008, la kimataifa dhidi ya biashara ya viungo, linatenganisha hayo mawili. Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, humrudishia mtoaji kipato hicho. Marekani kuna mpango wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwetu mzigo huangukia familia. Peleka hesabu ya mshahara wako hasa, iandikwe kwenye kumbukumbu za kamati. Ikizidi mshahara, hapo imekuwa bei. Hospitali wakikuhoji kuhusu pesa, waeleze vivyo hivyo.

Mwenye uzi: Nimempigia shangazi, mweka hazina. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nalipwa ngapi kwa wiki. Kesho nampelekea hesabu. Cheti nikiombe kwa daktari wa Kaka?

Nesi Mstahimilivu: Hapana, kwa daktari wako. Kama hujapewa wako peke yako, anza na hilo.