Kaka katoka kwenye uenyekiti

Dada Mkubwa: jamani kaka yuko wapi, simu hapokei, huku anasoma meseji hajibu

Kitinda Mimba: yupo ndani kajifungia tangu juzi walivyofanya uchaguzi wa vijana kanisani

Baba Mdogo: Si nilimwambia. Mwenyekiti hesabu yeye, barua yeye, kuita watu yeye, lazima kongamano lianguke

Shangazi: Shemeji hilo sio la leo

Kaka: nipo nasoma. baba mdogo yuko sahihi

Kaka: watu wamefika mhubiri hayupo kwa sababu barua yake ilibaki kwenye begi langu na nilivyogundua nikaona aibu kumwambia mtu, kura zimenitoa sawa sibishi, kinachoniuma ni kwamba nilifunga siku tatu kabisa naombea lile jambo sasa Mungu alikuwa anasikia nini

Kaka: Ujumbe huu umefutwa

Dada Mkubwa: umefuta nini

Kaka: niliandika sisali tena mbele za watu

Kitinda Mimba: vumilia kaka kila jambo na wakati wake 🙏🙏🙏

Shangazi: We mtoto usimpe maneno ya kwenye kanga. Baba nisikilize, nabii Eliya katoka kushinda pale mlima Karmeli, moto umeshuka watu wote wanaona, malkia Yezebeli katuma neno moja tu la kumtishia kifo mwanaume kakimbia mpaka jangwani kalala chini ya mti wa mretemu anaomba afe, 1 Wafalme 19. Malaika hakumhubiria. Kamwamsha ale, kala kalala tena, kaamshwa mara ya pili ale. Wewe tangu juzi umekula?

Kaka: kidogo. ila shangazi Eliya hakusahau barua. mimi nimekosea kweli

Baba Mdogo: Basi muache Eliya, chukua Yohana Marko. Aliwaacha akina Paulo njiani kule Pamfilia akarudi zake, Matendo 13. Safari ya pili Paulo akamkataa katakata, wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana, Barnaba akambeba huyo kijana wakaenda Kipro. Hakupewa cheo, alipata mtu wa kusafiri naye tu. Baadaye Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo amlete Marko maana anamfaa. Paulo yuleyule

Kaka: hiyo ya kifungoni sikuwahi kuiunganisha na ule ugomvi

Kaka: lkn kusali bado. nikipiga magoti nasikia zile kelele za ukumbini watu wanaulizana mhubiri yuko wapi

Shangazi: Mwambie Mungu hivyohivyo. Zaburi ya 13 inaanza na hata lini utanisahau, haianzi na asante

Baba Mdogo: Mhubiri ulishampigia?

Kaka: bado

Baba Mdogo: Mpigie. Usijieleze sana, omba msamaha ukate simu

Dada Mkubwa: 🤐 tunasubiri

Kaka: nimempigia. kacheka sana, kumbe na yeye alishawahi kwenda kufungisha ndoa siku siyo 😅

Kitinda Mimba: 😂😂😂

Kaka: halafu nimesali kidogo, sentensi mbili, ya kwanza malalamiko

Shangazi: Na ya pili?

Kaka: sijui nilipitiwa na usingizi

Shangazi: Eliya huyo. Sasa amka ule

Dada Mkubwa: mwenyekiti mpya kaniuliza kama utakuja kumsaidia kupanga viti jumamosi

Kaka: viti nakuja. barua asinipe