Kama docx ni kiwango cha ISO, mbona inavurugika ukiifungua nje ya Word?

mdau_wa_nyaraka
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Docx, yaani aina ya faili la Word, nasikia ni kiwango cha kimataifa kabisa, ISO (shirika la kimataifa la viwango) wamekipitisha, maana yake yeyote anaweza kusoma maelezo yake akatengeneza programu ya kuifungua. Sasa mbona ripoti niliyoandika kwenye Word mwenzangu akiifungua kwenye programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuona zilivyoandikwa na kuzirekebisha) majedwali yanahama, vichwa vya habari vinajihesabu upya kuanzia moja, ukurasa wa 12 unakuwa wa 14? Hao wa programu huria hawajamaliza kazi au kuna kitu kingine?

kodi_wazi
Mkuu usiwalaumu kabla hujajua hicho kiwango kilipatikanaje. ODF, kiwango cha nyaraka cha upande wa programu huria, faili zake za maandishi ndo hizo odt, ilishapita ISO tangu 2006, na serikali zilianza kuitaka, jimbo la Massachusetts kule Marekani liliamua hivyo 2005. Microsoft wakaona soko la Office linaguswa, wakapeleka ya kwao, ndo hii docx, kwa Ecma (chama kingine cha viwango), ikapita Desemba 2006, wakaenda ISO kwa njia ya mkato, kura ya Septemba 2007 ikagoma, mwaka 2008 ndo ikapita. Kurasa kama 6,000! Na kwenye toleo lile la Ecma kulikuwa na kipengele kinaitwa autoSpaceLikeWord95, yaani panga nafasi kama Word 95 ilivyokuwa inapanga, bila kukwambia Word 95 ilipangaje. Mtu asiye na kodi ya Word 95, yaani maandishi ya ndani yaliyoiunda programu, ataandika nini hapo?

Afu kiwango chenyewe kina aina mbili, Strict (iliyo safi) na Transitional (ya mpito). Transitional imebeba mabaki yote ya zamani, na hiyo ndo Word inayohifadhi mpaka leo kama hujagusa mipangilio. Kwa hiyo kiwango kipo kwenye karatasi ila mwamuzi wa mwisho ni Word yenyewe, inavyoonekana kwake ndo sahihi, wengine wote wanakimbilia hapo.

fundi_seva
Naunga mkono ila sio kila kitu ni njama, kingine ni fonti tu, yaani muundo wa herufi. Calibri ina leseni, programu huria haziruhusiwi kuisambaza, kompyuta isiyo nayo inaweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, mstari mmoja unasukuma mwingine mpaka ukurasa unaongezeka. Mwambie mwenzako aweke Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, upana wa herufi ni ule ule. Hizo kurasa 12 kuwa 14 naona ndo penyewe hapo.

Na ukitaka kuona mwenyewe, chukua nakala ya faili lako badilisha .docx iwe .zip ulifungue, ndani kuna folda ya word na faili la document.xml, maandishi makuu ya ripoti yako yamo humo.

mdau_wa_nyaraka
Nimefungua kweli nimeyaona, asante sana. Kwa hiyo dawa ni kila mtu ahamie kwenye chanzo huria?

kodi_wazi
Hapo twende taratibu mkuu. Kodi kuwa wazi ni jambo moja, kiwango kuwa cha wote ni jambo lingine. Angalia vivinjari, Chromium, msingi wa Chrome ya Google, kodi yake iko wazi kabisa, ila Opera walihamia huko 2013, Microsoft nao wakaacha injini yao (sehemu inayochora kurasa za tovuti) wakahamia huko huko wakatoa Edge mpya Januari 2020, waliobaki na injini zao kwa uzito ni Firefox na Safari. Matokeo yake watengeneza tovuti wengi wanapima kwenye Chrome tu, na Google wakiamua kitu kinageuka kuwa kiwango kabla hakijajadiliwa. Mimi kinachonipa amani ni kuona timu mbili au tatu zisizotegemeana zimesoma maelezo yale yale zikatoa kitu kinachofanya kazi sawa, na katika hizo angalau moja iwe huria ili kampuni ikifunga mlango nyaraka za watu zisifie humo.

Kwa ripoti yako, kama ni ya kusomwa tu tuma PDF. Kama mnaihariri wote wawili, kubalianeni odt na fonti moja ambayo wote mnayo, na namba za vichwa uziweke kwa staili za programu, usiziandike kwa mkono.