Naomba ushauri: safari ya gofu na marafiki wa viwango tofauti
Wadau, habari zenu. Majira ya joto yakikaribia kuisha, mimi na marafiki zangu wa siku nyingi tunasafiri kwenda kucheza gofu. Shida ni viwango: wawili ni wazuri sana, mmoja ndiyo kwanza anajifunza, na mashimo 18 huchukua saa 4 au zaidi. Sitaki mwenzetu ashinde akitafuta mipira vichakani huku wengine wakimsubiri kimya.

Kuna Stableford, mtindo wa kucheza kwa pointi: ukimaliza shimo kwa mapigo yaliyopangwa unapata pointi 2, ukizidisha pigo moja pointi 1, ukiharibu zaidi unaokota mpira na kusonga mbele. Au tucheze kama timu: kila mtu anapiga, tunachagua mpira uliokaa vizuri, wote tunaendelea kutoka hapo. Hii naipenda zaidi, maana inatuweka pamoja, na ninachokitamani hasa ni yale mazungumzo ya njiani: kazi, watoto, wazazi wanaozeeka. Siku hizi tunaonana kwa nadra mno.

Lakini je, wale wazuri wataridhika? Na kwa kuwa siku zinaanza kuwa fupi, tuanze alfajiri au mashimo 9 yanatosha? Mliowahi kusafiri na kundi la namna hii, naombeni uzoefu wenu.