Tikal, Caracol, Palenque au Mayapán: mji upi wa Wamaya ulimfaa zaidi mwananchi wa kawaida?

Mchoraramani (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nasoma mipango miji, na kila nikigusa Wamaya watu wananitajia mapiramidi tu. Mimi nataka kujua mkulima wa mahindi na mke wake waliishi wapi kwa nafuu zaidi. Naweka mezani miji minne: Tikal (Guatemala), Caracol (Belize), Palenque (Chiapas, Mexico) na Mayapán (Yucatán, Mexico). Mitatu ya kwanza ilikuwa kileleni kati ya mwaka 600 na 800. Mayapán ni ya baadaye, kuanzia karne ya 12 au 13 hadi katikati ya karne ya 15. Tuangalie maji, chakula, soko na usafi. Karibuni kwa hoja.

FundiBomba
Palenque, wala sifikirii mara mbili. Chemchemi 56 ndani ya mji mmoja! Shida yao ilikuwa ardhi: wamekaa kwenye kipande chembamba cha tambarare ubavuni mwa mlima, kilomita za mraba 2 na ushee, majengo karibu 1,500, na vijito vinakatiza kila mahali. Wakaamua kuvifunika. Kijito cha Otolum kiliingizwa kwenye mfereji wa mawe wenye dari, juu yake wakapata eneo la kutembea na kujenga.

Kilichonikuna zaidi ni mfereji wa Piedras Bolas. Umejengwa kwenye mteremko, na karibu na mwisho njia ya maji inabanwa ghafla, kwa hiyo maji yanatoka kwa presha. Kirk French na Christopher Duffy wa Chuo Kikuu cha Penn State walilieleza hilo mwaka 2010. Mtu aliyejenga vile alijua anachofanya.

MzeeWaRamani
Fundi, Palenque walipewa maji na mlima. Tikal hawakuwa na mto wala ziwa karibu, na ukame unashika miezi kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo wakaufanya mji wenyewe kuwa paa la kuvunia mvua: viwanja vikapigwa lipu ya chokaa na kupewa mwinuko kidogo ili maji yateremkie mabwawani. Bwawa la Ikulu lilikingwa na ukuta wa mita 80 kwa urefu na kama mita 10 kwenda juu, na liliweza kushika lita milioni 75 hivi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa kwenye bwawa la Corriental walikuta zeolaiti na mchanga wa kwazi (quartz), madini ya kuchujia maji, yaliyoletwa kutoka mbali. Kwangu huo ndio upangaji.

BintiMkulima
Mzee, malizia habari. Mwaka huohuo 2020 ilionekana pia kwamba mabwawa ya katikati ya Tikal, la Ikulu na la Hekalu, yalikuwa na zebaki nyingi kutokana na rangi nyekundu waliyopaka majengo, na sainobakteria, vijidudu vya majini, wenye sumu. Mvua ilisomba uchafu wa mjini na kuuingiza kwenye maji ya kunywa. Corriental lilibaki safi, ila mji mzuri hauwezi kupimwa kwa bwawa moja.

Mimi nasimama na Caracol. Diane na Arlen Chase wamechimba pale tangu 1985, na mwaka 2009 ndege ilipita juu ya msitu ikipiga miale ya leza, teknolojia ya laida. Walichokiona chini ya miti ni matuta ya kilimo yaliyotanda kila kilima, na nyumba zimekaa katikati ya mashamba hayo. Mji wa watu wanaokadiriwa 100,000, na mtu anatoka mlangoni anaingia shambani! Vibwawa vidogo vilitawanywa kwenye makazi, kwa hiyo maji hayakuwa ya mfalme peke yake. Kisha barabara za tuta zinatoka katikati kama miale kwenda kwenye viwanja vya pembeni, ambako soko lilifanyika. Na vyombo vya rangi vimekutwa hadi kwenye nyumba za watu wa chini. Hilo ndilo linalonigusa.

Machinga01
Mbona Mayapán mnaipita? Ukuta wa zaidi ya kilomita 9, ndani kilomita za mraba 4 hivi na majengo kama 4,000, kila kaya na kiambaza chake cha mawe. Maji yalitoka kwenye senote, yale mashimo ya asili kwenye miamba ya chokaa. Kwa mfanyabiashara huo ndio mji. Njia hazinyooki, ni vichochoro, lakini wateja wako jirani.

Na kama mnajali soko, Mchoraramani aongeze Chunchucmil, kaskazini-magharibi mwa Yucatán. Udongo hafifu kabisa, lakini watu walijaa. Wataalamu walipima udongo wa uwanja mmoja wakakuta fosforasi nyingi kwenye mistari, alama ya chakula kilichokuwa kikiuzwa hapo siku baada ya siku.

MzeeWaRamani
Machinga, ukuta ule haukuwaokoa. Takriban 1441 ukoo wa Xiu uliwaua watawala wa ukoo wa Cocom na mji ukavunjika.

Mchoraramani
Nawashukuru sana. BintiMkulima, ukame ulipowashika Caracol waliponaje?

BintiMkulima
Hawakupona moja kwa moja, ndugu. Kumbukumbu za mwisho zilizochongwa kwenye mawe pale ni za mwaka 859, na Tikal ni 869, kwa hiyo wote waliporomoka karne moja. Ila ukichora ramani yako, weka vibwawa vya kaya na vituo vya mwisho wa barabara kabla ya kuweka Caana, jumba kubwa la katikati ya Caracol. Ramani nyingi nilizoona zinaanza na jumba lile, na wakulima wanabaki nje ya karatasi.