Mada: Alamu ya kaboni monoksidi ni juu ya nani, mwenye nyumba au mpangaji?

Kutoka: Mama Tumaini, Reading

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu hamjambo.

Tumehamia nyumba mpya hapa England mwanzo wa mwezi huu. Boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha maji na nyumba, imefungwa ndani ya kabati la jikoni, juu ya mashine ya kufulia. Alamu za moshi zipo mbili, chini na juu, nimezibonyeza zote zinalia. Ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, hakuna. Nikamuuliza wakala wa nyumba, akajibu kwa meseji kwamba alamu zipo na zilikaguliwa. Nikamwambia hizo ni za moshi. Kimya mpaka leo. Shemeji yangu aliye Minnesota, Marekani, anasema kwao kila nyumba lazima iwe nayo karibu na chumba cha kulala, mwenye nyumba hana hiari. Hapa ikoje? Na nikidai sana si nitaonekana mkorofi? Mkataba wetu bado mchanga, na nyumba mnajua zinavyopatikana kwa tabu.

Kutoka: Mzee Kombo, Luton

Marahaba mwanangu.

Dai bila wasiwasi, sheria iko upande wako. Mimi nimezeekea kwenye kazi za boila na mabomba, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Nazungumzia England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja ana kanuni zake. Kwetu huku kanuni za kwanza zilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2015. Wakati ule mwenye nyumba binafsi alitakiwa kuweka alamu ya moshi kila ghorofa, na ya kaboni monoksidi kwenye chumba chenye kifaa cha kuchoma kuni au makaa ya mawe. Boila ya gesi haikuwamo. Sisi mafundi tulishangaa, maana nyumba za gesi ndizo zimejaa nchi nzima. Ikarekebishwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2022 chumba chochote cha kuishi chenye kifaa kilichofungwa kinachochoma gesi, mafuta au kuni lazima kiwe na alamu. Jikoni nako ni chumba. Nyumba za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na za vyama vya makazi nazo zikaingizwa. Kilichoachwa nje ni jiko la gesi la kupikia. Ungekuwa na jiko hilo peke yake, bila boila, wakala angekuwa na la kusema. Una boila, kwa hiyo hana.

Sasa mwandikie barua pepe, achana na simu na meseji. Mtajie chumba, mtajie kifaa, mtajie kanuni za 2015 na marekebisho ya 2022, kisha mwombe akupe tarehe ya fundi kuja. Akikaa kimya, nenda kaunsili, idara inayoshughulikia nyumba za kupanga. Wakiridhika kwamba kavunja kanuni watampa notisi ya siku 28. Akiipuuza, wao wenyewe wataipanga kazi hiyo ifanyike kwa ridhaa yako, naye anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 5,000. Alamu yenyewe dukani ni kama pauni 20. Hesabu hiyo mawakala wanaijua vizuri.

Ukiwa kwenye hiyo barua, omba na nakala ya cheti cha gesi. Kila mwaka mwenye nyumba anatakiwa kumleta fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, akague boila, nawe upewe nakala. Mimi nikiingia nyumba ya mtu naanza na cheti hicho kabla sijatazama alamu, kwa sababu alamu inakuambia mambo yameshaharibika. Masizi au madoa ya kahawia kuzunguka boila, na mwali wa manjano uliolegea pale panapotakiwa mwali wa bluu, ukiviona zima na upige simu 0800 111 999. Ni namba ya dharura ya gesi, saa 24, hailipiwi.

Kutoka: Baba Wanjiku, Brooklyn Park, Minnesota

Shemeji yako amekuambia kweli, ila hakumaliza.

Sheria ya hapa inasema alamu iwe ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kila chumba kinacholalwa. Nyumba za familia moja zilianza kubanwa Agosti 2008, apartimenti Agosti 2009. Na haimhusu mpangaji tu. Hata nyumba yako uliyoinunua kwa jasho lako imo. Kwa hiyo oneni tofauti: England sheria inafuata boila, huku kwetu inafuata kitanda. Mimi naona yetu ina akili zaidi, maana watu hufa wakiwa wamelala.

Lakini kuna mawili ambayo watu wetu hawayasomi. La kwanza, mwenye nyumba anaiweka, ila ukishaingia kuitunza ni kazi yako, na ikipotea au kuharibika ukiwa ndani, ya kuirudisha ni wewe. Nimeingia nyumba za watu hapa nikakuta alamu imelala kwenye droo ya vijiko kwa sababu ilikuwa inapiga kelele usiku. La pili, mwenye apartimenti anaweza kusamehewa kama atathibitisha kwa serikali ya jimbo kwamba jengo lake halina hatari ya gesi hiyo inayoweza kutabirika. Kwa hiyo usije ukahamia jengo la umeme mtupu ukadhani lazima utaikuta ukutani.

Kutoka: Idi, Coventry

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, napanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya familia ya hapa hapa jumuiya yetu. Wenyewe wanaishi chini, mimi juu, jikoni tunachangia. Boila iko bafuni ninalotumia mimi. Hiyo sheria ya 2022 inanihusu?

Kutoka: Mzee Kombo, Luton

Marahaba Idi. Haikuhusu, na ni vizuri umeuliza kwa sababu nusu ya vijana wanaofika hapa wanaanzia maisha kwa mtindo huo.

Kanuni zimewatoa wanaokaa nyumba moja na mwenye nyumba au familia yake wakichangia jikoni, bafu na kadhalika. Ungepanga kwa mtu asiyeishi humo, bafu lenye boila lingehesabiwa chumba cha kuishi na alamu ingekuwa lazima. Ukipanga kwa Mswahili mwenzako anayelala chini, hakuna. Hata yeye mwenyewe, kama ile nyumba ni yake na anaishi ndani, kanuni hizi hazimlazimishi kuwa nayo.

Ila ile ya ukaguzi wa gesi wa kila mwaka ni sheria nyingine, ya 1998, na yule anayemlaza mpangaji ndani kwa kodi naye imemkamata. Mwulize kwa heshima, kama kijana anavyomwuliza baba. Alamu nunua ya kwako, uiweke bafuni kama maelezo yake yanaruhusu sehemu yenye mvuke. Kama hayaruhusu, iweke nje ya mlango. Ukihama unaondoka nayo.

Kutoka: Papa Espoir, London (ile ya Ontario)

Jambo ndugu zangu.

Huku Canada kila jimbo lina lake. Ya Ontario imebeba majina ya watu. Desemba 2008, mji wa Woodstock, karibu na hapa tunapoishi, familia ya Hawkins walikufa wanne, baba, mama, binti na mtoto wa kiume. Njia ya kutolea moshi ilikuwa imeziba, gesi ikarudi ndani. Mama alikuwa polisi wa jimbo. Ndugu zake walipiga kelele miaka mitano mpaka bunge la jimbo likapitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia tarehe 15 Oktoba 2014 alamu ikawa lazima karibu na sehemu za kulala, kwa mwenye nyumba na mpangaji vilevile, ikiwa nyumba ina kifaa cha kuchoma au gareji iliyoshikana nayo. Kuanzia Januari 2026 wameongeza: kila ghorofa, hata isiyolalwa. Walio na nyumba zao kagueni chini kwenye besimenti.

Huko Marekani, Massachusetts nao wana ya kwao, iliyopewa jina la msichana wa miaka saba, Nicole Garofalo, aliyefariki Januari 2005 theluji ilipofunika tundu la kutolea moshi ukutani. New York wana ya Amanda Hansen, miaka 16, alikwenda kulala kwa rafiki yake, Januari 2009. Theluji ikianguka sana, kabla ya kusafisha gari toka nje ukazunguke nyumba, ulitafute lile bomba linalotoka ukutani, uliondolee theluji. Wengi wa kwetu hawajui hata liko upande gani.

Kutoka: Juma M., Milton Keynes

Mimi nasema ukweli wangu. Tumekulia na jiko la mkaa, bibi analala nalo chumbani msimu wa baridi, na tupo. Hawa wenzetu wanapenda kuuziana vifaa.

Kutoka: Bi Rukia, Leicester

Bwana Juma, wewe upo. Waliolala nalo wasiamke hawawezi kuingia kwenye mjadala huu wakajibu.

Tena usiseme kwetu hakuna. Kila ikifika Juni na Julai, huko Njombe, Makete, Limuru, habari ni zilezile, familia imekutwa asubuhi na jiko katikati ya chumba, polisi wanasema walikosa hewa. Na zile nyumba za bibi zilikuwa na upenyo juu ya ukuta, mlango haufungi vizuri, upepo unaingia unavyotaka. Hapa umefungiwa kwenye madirisha ya vioo viwili na mipira pembeni ili joto lisitoke. Kisichotoka ni joto na kila kitu kingine.

Nataka niseme nasi wanawake wa pwani. Chetezo. Mkaa ule wa vidonge unaowashwa kwa kiberiti, udi juu yake, mlango umefungwa ili nguo zishike harufu, na mtoto mchanga kalazwa humo humo. Mkaa ni mkaa. Mama mjamzito ndiyo kabisa, kwa sababu gesi hii inang'ang'ania damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, na mtoto tumboni anaweza kuumia kuliko mama. Mimi nafukiza dirisha likiwa wazi, hata kama nje kuna barafu, au natumia kifukizio cha umeme. Harufu haitofautiani kihivyo, msinidanganye.

Kutoka: Abdi, Tukwila, Washington

Bi Rukia amegusa penyewe. Desemba 2006 upepo mkali uliangusha miti Seattle yote hii, umeme ukakatika siku kadhaa katikati ya baridi. Watu wakaingiza majiko ya kuchomea nyama sebuleni, wengine jenereta gareji. Waliofariki kwa gesi hii jimboni walikuwa wanane, waliotibiwa ni mamia, na wengi walikuwa wahamiaji, Wasomali wakiwamo. Majiko na jenereta huua hata kwenye nyumba za umeme, zisizo na boila wala gesi, ambazo kwa sheria za sehemu nyingi zisingehitaji alamu. Gazeti la Seattle Times liliweka onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nyumba za kupanga hapa zimelazimishwa kuwa na alamu tangu Januari 2013.

Jenereta iwe nje, mbali na nyumba, angalau futi 20, na moshi wake usielekee dirishani. Mlango wa gareji ukiwa wazi bado haitoshi.

Kutoka: Mama Tumaini, Reading

Asanteni sana wote. Nimeandika ile barua pepe, nimetaja kanuni na kaunsili kwa adabu, na fundi ameletwa. Amebandika alamu juu kabisa ya mlango wa jikoni. Jirani anasema ilipaswa kuwa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi hushuka. Nani yuko sahihi? Na inalia mara moja kila baada ya muda, kisha inanyamaza.

Kutoka: Mzee Kombo, Luton

Jirani hayuko sahihi. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, inachanganyika chumba kizima. Mwongozo wa serikali unasema usawa wa kichwa, ukutani au kwenye rafu, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye boila. Kama maelezo ya kiwandani yanaruhusu juu ya mlango, iache. Ila isiwe ndani ya kabati na boila, wala nyuma ya pazia.

Mlio mmoja mmoja ni betri, au kifaa kimekwisha umri. Igeuze usome nyuma: kuna tarehe ya kuibadilisha, kwa kawaida miaka 7 hadi 10 tangu itengenezwe. Nimewahi kukuta alamu "mpya" iliyopitwa na tarehe, fundi aliitoa nyumba nyingine. Kama ndivyo, waandikie tena. Tangu 2022 wakiarifiwa kwamba ni mbovu wanapaswa kuitengeneza au kuibadilisha.

Mlio wa hatari wenyewe, kwa alamu nyingi, ni minne ya haraka, kimya kidogo, minne tena, bila kukoma. Hapo zima kifaa kama kipo njiani, fungua milango, toeni watoto nje, pigeni simu mkiwa nje. Na usiungoje mlio ikiwa nyumba nzima mnaumwa kichwa na kichefuchefu pamoja, hakuna aliye na homa, na mkienda kazini au shule mnapata nafuu. Hospitali mwambieni daktari kwamba mnaishi na boila ya gesi, ili apime damu, asije akawapa dawa ya mafua akawarudisha humo humo.

Kutoka: Salim, Glasgow

Naongeza ya huku kwetu tu, maana Mzee kasema kila mtu na lake. Scotland tangu Februari 2022 ni kila nyumba, uwe umepanga au umenunua. Alamu za moshi sebuleni na kila korido, ya joto jikoni, zote ziwe zimeunganishwa ili moja ikilia zilie zote, na ya kaboni monoksidi palipo na boila, meko au bomba lake la moshi. Hiyo ya mwisho si lazima iungane na zile nyingine. Nasema hivi kwa sababu kuna mafundi wanaowauzia watu seti nzima upya kwa madai kwamba haijaungana. Mkataeni.