Dona, unga wa mchanganyiko au ndizi mbichi: kipi kinamfaa mama mwenye kisukari?

Binti wa Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu. Mama yangu ana umri wa miaka 73, ana kisukari cha aina ya pili pamoja na shinikizo la damu, na anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide. Tangu alipohamia kwangu mimi ndiye ninayepanga chakula chake, na sasa nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea na ugali wa nyumba nzima, ila niache sembe na kusaga dona. Ya pili ni kumnunulia unga wa mchanganyiko wa nafaka, ambao muuza duka wetu anausifu kuwa ni wa wagonjwa wa sukari na anauuza kwa bei ya mara tatu ya dona. Ya tatu ni kuacha ugali na kumpikia ndizi mbichi, mihogo au viazi vitamu. Mjue pia kwamba meno yake ya nyuma yamekwisha, na kwamba hapendi kabisa kutengewa sahani yake wakati sisi wengine tumezunguka sinia moja. Naomba ushauri wa waliokwisha kuuguza wazazi.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Binti yangu, kabla ya kuuliza habari za unga, tazama kwanza dawa. Glibenclamide hushusha sukari hata kama mgonjwa hajala, jambo ambalo metformin ikitumika peke yake hulifanya kwa nadra sana, na ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenclamide haifai kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Ukimpunguzia wanga ghafla jioni ilhali kidonge amekwisha kukimeza, sukari inaweza kushuka usiku wa manane mkiwa mmelala. Wazee wengine hawatetemeki wala hawatoki jasho. Huchanganyikiwa tu, na watu wa nyumbani wakadhani ni uzee. Ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L, kipimo cha mashine ya sukari) na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, usimtie chochote kinywani, mkimbize hospitali. Kwa hiyo mwone daktari wake kabla hujabadilisha sufuria.

Nikija kwenye swali lako, dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haikukobolewa, lakini si dawa. Nimewaona wagonjwa wengi waliohamia dona kwa furaha, wakaongeza na tonge kwa kuwa wameambiwa ni salama, kisha wakashangaa mashine inapowasomea 15. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, uchukue robo ya sahani. Robo nyingine iwe samaki, maharage au kunde. Nusu iliyobaki iwe mboga.

Mwana wa Bukoba

Dada, mimi nimelelewa kwa ndizi na nisingependa kuzisema vibaya, lakini lazima niseme kweli. Ndizi ikiwa mbichi kabisa, sehemu ya wanga wake haimeng'enywi upesi, na hiyo ni faida. Ikianza kuwa ya njano, wanga huo hugeuka sukari, na faida huondoka nayo. Tatizo la pili ni upishi, maana mzee asiye na meno hupondewa ndizi hadi ziwe laini kama mtori, na chakula kilichopondwa hupandisha sukari haraka kuliko kilichobaki vipande. Baba yangu tulimpikia ndizi vipande vidogo pamoja na maharage yaliyoiva sana katika sufuria moja, akawa anatafuna kwa fizi bila shida. Kama figo za mama zina hitilafu, muulize daktari kwanza, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi.

Mpishi wa Dodoma

Kuhusu unga wa mchanganyiko, soma kilichoandikwa kwenye mfuko. Mara nyingi utakuta mahindi, ulezi, soya na karanga, yaani karibu ni ule ule unga wa lishe ambao watoto hupikiwa ili waongezeke uzito. Ukisagwa laini na kupikwa uji mwepesi, huteremka kama maji na sukari hupanda upesi. Fedha hizo nunua dagaa na choroko. Mlenda nao usiusahau: unateleza, hauhitaji meno, na ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Bibi wa Likoni

Mwanangu, hakuna aliyetaja wali, na sidhani kama mtu wa Tanga ataacha wali. Sisi tulichagua basmati, ambao kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko mchele wa kunata, na tukapika mbaazi kwa tui jepesi. Ila vita vyetu vikubwa vilikuwa chai ya asubuhi: vijiko vitatu vya sukari na mahamri mawili. Asali haikutusaidia, kwani nayo ni sukari. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki, na mzee hakugundua hadi tulipofika kwenye iliki na tangawizi peke yake. Ng'onda naye, yaani samaki mkavu wa chumvi, mloweke umwage maji, kwa ajili ya shinikizo.

Binti wa Tanga

Nawashukuru nyote. Daktari amemwondolea glibenclamide na kumpa dawa nyingine. Nilimpima mama saa mbili baada ya chakula kwa siku kadhaa: dona ngumi mbili kwa dagaa ilisoma 13.2; dona ngumi moja kwa kunde na mlenda ilisoma 9.1. Kwa hiyo nimeacha njia ya pili, nimechukua ya kwanza, na ndizi zitapikwa Jumamosi. Sinia limebaki moja. Kilichobadilika ni kwamba mboga imewekwa upande wake na ugali umesogezwa kwa vijana. Je, hiyo 9.1 niendelee kuishusha?

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Hapana, binti yangu, kwa umri wake hiyo inatosha, ingawa daktari ndiye atakayekupangia kiwango baada ya kuona kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Sasa mpime uzito kila mwezi. Akianza kukonda, mwongezee samaki na maharage kabla hujafikiria kumpunguzia kitu kingine.